Fukuto na Mlima ni Adui Mmoja: Najiandaa Mwanza kwa ajili ya Langkawi

Kila nikimwambia mtu hapa Mwanza kwamba najiandaa kwenda Langkawi kule Malaysia kwenye Ironman, kuogelea kilomita 3.8, kuendesha baiskeli kilomita 180 alafu kukimbia kilomita 42.2, swali la kwanza huwa "yote hayo siku moja?", na nikijibu ndio, siku moja, tena kwa kawaida unapewa saa 17 na ukizidi hapo huhesabiwi kama umemaliza, basi linafuata lile neno ambalo nishalisikia kuanzia Kirumba mpaka Nyegezi: "Ila joto la huko halitakusumbua wewe, si umelizoea? Sisi Waafrika bwana."

Hapana jamani. Hilo neno ndo limenifanya nikae niandike haya yote, kwa sababu vijana wanaoanza kuipenda hii michezo Kanda ya Ziwa wanazidi kuongezeka, na mtu akipanda ndege na hiyo imani kichwani anaweza kuumia vibaya.

Mwanza iko juu. Ziwa lenyewe lipo kama mita 1,134 kutoka usawa wa bahari na sisi tumejenga juu ya mawe yanayolizunguka, kwaiyo tuko juu zaidi ya hapo. Jua la mchana linachoma, sibishi, linafika nyuzi 28 au 29, lakini jioni upepo wa ziwa ukianza kuvuma unatafuta shati la mikono mirefu, na Juni na Julai usiku watu wanavuta blanketi. Langkawi ni kisiwa, kipo nyuzi 6 kaskazini mwa ikweta kwenye bahari ya Andaman, na mchana kule ni nyuzi 31 au 32. Ukiziangalia hizo namba unasema aah, nyuzi tatu tu hizi. Sasa kama umewahi kusafiri na basi kutoka huku Mwanza mwezi wa pili ukashuka Dar pale Mbezi, ukasimama tu kusubiri begi lako, na kabla hujalipata shati limeshaganda mgongoni, hapo umeonja kinachoninyima usingizi. Namba ya joto sio tatizo langu. Tatizo langu ni fukuto.

Nieleze kidogo mwili unavyofanya kazi maana watu wengi wanairuka hii sehemu. Unapoendesha baiskeli, katika nguvu zote unazochoma, robo au pungufu ya robo ndo inafika kwenye pedali, zinazobaki zote zinageuka joto ndani yako. Chukua mtu wa kilo 75 kwenye baiskeli ya kilo 10 anapanda mwinuko wa asilimia 10. Hata akienda taratibu kabisa, kilomita 8 kwa saa, miguu yake inatakiwa itoe karibu wati 200, na hizo wati 200 za kwenye pedali zinakuja na wati kama 700 za joto ambazo lazima zitafute pa kutokea. Pasi ya umeme ya hapo nyumbani ni kama wati 1,000. Piga picha unapanda mlima na kitu kinachokaribia pasi kimewashwa tumboni, na hakizimwi mpaka ufike juu.

Joto hilo linatoka kwa njia ya jasho. Kwa hesabu hiyo inatakiwa kama lita moja ya jasho ikauke kwenye ngozi yako kila saa. Ikauke, sio idondoke, na hapa naomba usome polepole: jasho linalodondoka kwenye lami halijakupoza kitu, limekupunguzia maji tu. Hewa ya Mwanza mwezi wa saba ni kavu, inalinyonya jasho fasta mpaka unadhani hutoki jasho, unakuja kuona mistari myeupe ya chumvi kwenye tisheti nyeusi ukifika nyumbani. Hewa ya kisiwani imeshiba maji tayari, jasho haina pa kulipeleka, linatiririka tu na joto linabaki ndani.

Alafu ongeza mlima. Kwenye tambarare unaenda kilomita 33, 35 kwa saa, upepo unakupiga kifuani mwanzo mwisho na huo ndo unaokausha jasho. Ukianza kupanda, nguvu unayotoa inaongezeka, kwaiyo joto linaongezeka, wakati huohuo mwendo unashuka mpaka kilomita 8 au 10 na upepo unapotea kabisa. Na ikitokea upepo unatoka mgongoni kwa mwendo uleule unaoenda wewe, ngozi yako haipati upepo wowote, umesimama kwenye hewa iliyotulia tuli. Watu wengi wanafurahia upepo wa mgongoni mlimani. Mimi nauogopa.

Ndo maana nasema mlima na fukuto ni adui mmoja, na mtu anayefanya mazoezi ya milima peke yake na ya joto peke yake anajiandaa nusu. Barabara za Langkawi zinapita kwenye msitu na vilima, panda shuka panda shuka, mlima mrefu kuliko yote kisiwani ni Gunung Raya wenye mita 881, na hata pale ambapo njia ya mashindano haipandi mlima mkubwa, vile vilima vifupi vya mkato ndo vinavyomaliza watu kwa sababu vinakuja kimoja baada ya kingine na kila kimoja kinakuachia joto kidogo ambalo hujalimaliza kabla ya kinachofuata.

Sasa Mwanza tumepewa nini? Tumepewa milima na mawe. Nafanyia Isamilo, nafanyia Bugando, nafanyia ile ya kupanda Capri Point ukitokea chini ziwani. Ni vipande vifupi lakini vimesimama, na nimechagua kuvifanya saa tisa alasiri wakati kila mtu anafanya saa kumi na mbili asubuhi. Sababu ni yale mawe. Granaiti inakula jua kutwa nzima, na ikifika alasiri inaanza kulirudisha, ukipita kati ya majabali mawili pale Isamilo unahisi joto linakuja kutoka ubavuni, sio juu. Hakuna upepo pale kwa sababu mawe yameuziba. Kwa huku kwetu hiyo ndo sehemu inayokaribia zaidi kufanana na kule ninakoenda, na ni bure.

Ila utaratibu wangu mlimani unawakera wenzangu. Wao wanasimama kwenye pedali wanafukuza, mimi nakaa kwenye siti nazungusha. Nina kipimo cha mapigo ya moyo kifuani na nimejiwekea namba ambayo sivuki nikiwa napanda, awe ananipita nani, awe ananizomea nani. Wale jamaa wanaoleta mkaa mjini kutokea njia ya Kisesa ndo walimu wangu kwa hili, nimewafuata nyuma mara nyingi alfajiri. Baiskeli haina gia hata moja, nyuma kuna magunia mawili yamefungwa kwa mpira wa tyubu, na wakifika kwenye kilima wanapanda kwa kona kona kushoto kulia ili kupunguza ule mwinuko, na ukizidi wanashuka wanasukuma, hawaoni haya kabisa. Na wanatoka majumbani giza totoro ili jua liwakute wameshafika. Ile ni akili ya mtu anayejua mwili wake una kazi ya kutwa nzima, na kesho tena.

Kuhusu gia: hapa ndo nimepigana sana na watu. Baiskeli yangu ni ya mtumba, frem nzuri, nyepesi, lakini ilikuja na gia za nyuma za mtu wa kukimbia tambarare, kubwa yake meno 25. Mbele meno 34. Kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa hiyo inakulazimisha uzungushe mara kama 47 kwa dakika, yaani unasaga, kila mzunguko ni kama kupanda ngazi na gunia. Nikataka ya meno 32, ambayo kwa mwendo uleule unazungusha mara 60. Nikaipeleka kwa fundi wangu, kibanda kipo pembeni ya barabara Mabatini, chini ya mwarobaini, siku zote ana foleni ya baiskeli za Phoenix za kubadilisha spoku.

"Kaka, hii meno mengi hivi ya nini? Wanaoshindana wanaweka ndogo."

Nikamwambia fundi, wanaoshindana hapa wanamaliza mchana wanakunywa soda, mimi nikishuka kwenye hii baiskeli nina kilomita 42 za kukimbia. Akaguna. Akaifunga ile mpya, akazungusha pedali kwa mkono baiskeli ikiwa inaning'inia kwenye kamba, akaniita nisogee. Kile kimkono cha nyuma kinachovuta cheni kilikuwa kimenyooka mbele kimekaza, gurudumu lake dogo la juu linasuguana na yale meno makubwa, unasikia krr krr krr. Hakusema kitu. Akafungua skrubu ndogo nyuma yake akaizungusha kidogo kidogo kwa bisibisi huku ameweka sikio karibu, krr ikawa inapungua, mpaka ikabaki ule mlio wa cheni peke yake. Alafu akakata cheni akaongeza pingili mbili. "Sasa panda hata mti," akaniambia. Fundi kama huyu wa kusikiliza baiskeli kwa sikio simbadilishi na duka lolote.

Jumamosi ndo siku ya safari ndefu. Zamani njia yangu ilikuwa moja tu, Magu kwenda na kurudi, kama kilomita 60 na kitu kila upande, mashamba ya mpunga na pamba na ng'ombe wanavuka barabara wanavyojisikia wao. Tangu daraja la Kigongo-Busisi lilivyofunguliwa 2025 nimepata njia ya pili, unashuka Usagara unakata kulia mpaka Kigongo, unavuka kama kilomita 3 za daraja juu ya maji, unaingia Busisi unaendelea Sengerema bila kusubiri kivuko. Pale juu ya daraja upepo wa ubavuni unasukuma kweli, inabidi ushike hendeli vizuri, na mimi napenda maana kisiwani pia ukitoka msituni ukatokea upande wa bahari upepo unabadilika ghafla. Malori yanapita kwa kasi kwaiyo taa nyekundu nyuma ni lazima hata mchana, na kioo kidogo cha kuona nyuma.

Chakula cha safari. Wataalamu wa huu mchezo wanashauri gramu 60 mpaka 90 za wanga kwa saa, na watu wanaagiza zile jeli za pakiti kutoka nje, moja bei ya sahani ya wali samaki. Mi natumia matobolwa. Kwa wasomaji wa mbali, hivi ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande alafu vikaanikwa juani mpaka vikawa vigumu vitamu, Wasukuma wanaweka akiba ya njaa na wachungaji wanaondoka navyo porini. Michembe ni binamu yake, yenyewe inaanikwa mbichi, hiyo haifai barabarani mpaka uipike. Kipande cha tobolwa unakiweka shavuni kilomita mbili tatu kinalainika chenyewe, sukari inatoka polepole, hakiyeyuki na joto, hakigandi mfukoni. Shida yake moja ni kwamba kinataka maji, ukila bila kunywa tumbo linakaa na jiwe. Kwaiyo tobolwa na maji, ndizi mbivu moja moja, na saa za mwisho nahamia kwenye vinywaji tu maana kwenye joto kali damu inakimbilia kwenye ngozi kupoza mwili na tumbo linabaki na damu kidogo, chochote kigumu kinakaa hapohapo na unaanza kutapika. Wengi wanaotapika kwenye hizi mbio wanalaumu chakula wakati kosa lilianza mlimani, walipanda kwa nguvu wakapandisha joto na tumbo likafunga duka.

Na chumvi. Kipimo cha jasho ni rahisi, kila mtu afanye: jipime kwenye mzani bila nguo kabla ya zoezi la saa moja, usinywe kitu, usiende chooni, rudi jifute jasho jipime tena. Kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya jasho. Mimi asubuhi ya Mwanza natoa kidogo tu, alasiri ya Isamilo inapanda karibu mara mbili, na ndo napanga chupa zangu kwa hiyo ya pili. Lakini usije ukasikia hivyo ukaanza kunywa maji matupu kwa fujo. Maji mengi yasiyo na chumvi yanapunguza sodiamu kwenye damu, ubongo unavimba, na watu wamekufa kwenye mbio kwa hilo, sio kwa kiu. Kunywa kwa kiasi cha kiu na mpango wako, na weka chumvi. Pakiti ya ORS ya duka la dawa, ile tuliyokuwa tunapewa tukiharisha utotoni, ikichanganywa kwenye lita moja ina gramu 2.6 za chumvi ya kawaida pamoja na sitireti, potasiamu na glukosi. Sitegemei hiyo peke yake kwa sababu sukari yake ni kidogo kwa mtu anayefanya kazi, ila chupa moja ya ORS kwa kila chupa mbili za kinywaji cha sukari imenikaa vizuri tumboni na bei yake kila mtu anaiweza.

Zoezi la fukuto lenyewe nalifanyia stoo. Mwili unaweza kufundishwa joto, hiyo ni habari njema kuliko zote, inachukua kama siku 10 mpaka 14 za kukutana nalo karibu kila siku: maji kwenye damu yanaongezeka, moyo unatulia kwa kazi ileile, jasho linaanza mapema zaidi na linakuwa na chumvi kidogo. Ubaya wake linasahaulika haraka, ukikaa wiki chache bila joto umerudi ulikotoka. Kwaiyo halifanywi mapema ukajisifu, linafanywa mwishoni, wiki mbili tatu kabla ya safari. Stoo yetu ni ya bati juu, haina dari, dirisha moja. Nimeweka baiskeli kwenye stendi ya kuendeshea ndani, nafunga dirisha, naweka ndoo mbili za maji yaliyochemka pembeni mvuke ujae, alafu naendesha taratibu, narudia, taratibu, kama saa moja. Shemeji yangu ni nesi, yeye ndo aliyeweka sheria na mke wangu ndo anayezisimamia: mlango haufungwi na komeo, mtu mmoja awe uani muda wote, na nikisikia kizunguzungu, au baridi ghafla, au nikianza kujibu vitu visivyoeleweka, natolewa namwagiwa maji baridi hapohapo mwili mzima kabla ya kutafuta usafiri wa hospitali. Hizo sio dalili za kuvumilia. Kupoza ndo huduma ya kwanza, mengine yanafuata.

Siku ambazo sina nguvu ya stoo nafanya zoezi la kawaida asubuhi alafu naingia kwenye pipa la maji ya moto, nyuzi 40 hivi, nusu saa. Faida yake inakaribia ileile na miguu inapumzika.

Kuogelea. Hapa lazima nizungumze na wenzangu wa ziwani kwa uwazi kabisa maana tunalo ziwa la pili kwa ukubwa duniani kwa maji baridi, mlangoni, na nusu ya watu wanaogopa kulitumia na nusu nyingine wanajirusha tu. Kichocho kipo. Konokono wanaokibeba wanakaa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani na matete, kule ambako watu wanafua na watoto wanacheza, na vile vijidudu vinatolewa zaidi jua likiwa juu. Kwaiyo mimi siingii kutokea ufukweni. Alfajiri naenda Luchelele, kuna mzee mmoja mvuvi, naanza na mwangaluka baba, salamu yetu ya Kisukuma ya asubuhi, tunasogea na mtumbwi mpaka kwenye kina, nashukia huko, yeye ananifuata pembeni na boya la rangi ya chungwa nimelifunga kiunoni. Hatari inapungua, haiishi, ndo maana nimeongea na daktari kuhusu kipimo na dawa ya prazikwanteli, ambayo inaua minyoo iliyokomaa, kwaiyo haina maana kuimeza siku uliyoogelea, inatakiwa zipite wiki kama sita hadi nane. Muulize daktari wako, usisubiri kukojoa damu au kujisaidia damu.

Mzee ndo anayeamua kama tunaingia au hatuingii. Ziwa letu linapiga dhoruba sana usiku na alfajiri, na kuna siku maji yametulia kama hakuna kitu, anaangalia wingu upande wa Ukerewe anasema leo hapana mwanangu, basi narudi. Sijawahi kumbishia na sitambishia.

Kuna faida moja ya ziwa nimeigundua kwenye vitabu na nimeithibitisha nilipoenda kujaribu bahari Dar: maji ya bahari ni mazito kwa asilimia 2 na nusu hivi kuliko ya ziwa, kwaiyo yanakuinua. Aliyezoea kuogelea Victoria miguu yake inazama, analazimika kukaza tumbo na kunyoosha mwili, akifika baharini anaelea vizuri kuliko alivyotegemea. Ni muhimu kwa sababu kule maji yana nyuzi 29 au 30, na sheria za Ironman haziruhusu suti ya mpira maji yakizidi nyuzi 28.8, kwaiyo hakuna cha kukuelesha zaidi ya mwili wako. Maji ya moto namna hiyo pia yanakupandisha joto kabla hujagusa baiskeli. Kuogelea natoka taratibu. Mafuta ya mgando kwapani na shingoni, chumvi inachubua vibaya.

Kwa wanaodhani kwenda taratibu ni unyonge, naomba wamwangalie Alphonce Simbu. Tarehe 15 Septemba 2025 kule Tokyo, kwenye marathoni ya mashindano ya dunia ya riadha, kwenye fukuto ambalo liliwatoa watu barabarani, alikimbia saa 2:09:48, muda ambao kwa wanaume wa kiwango kile ni wa taratibu, akakaa ndani ya kundi, akakaa, akakaa, na uwanjani akampita Amanal Petros wa Ujerumani wakaandikiwa muda mmoja mpaka picha ndo ikaamua. Dhahabu ya dunia ya kwanza ya Tanzania. Mi nililia, sioni haya kusema. Mtoto wa Singida aliwashinda wote kwa kuheshimu hewa ya siku ile, kwa kusubiri kilomita 42 nzima.

Masuala ya safari sina mengi. Malaysia iko mbele yetu kwa saa 5, kwaiyo wakianza saa moja na nusu asubuhi mwili wangu utakuwa unasema saa nane na nusu usiku wa Mwanza. Nitaanza kulala na kuamka mapema wiki nzima kabla, na nitafika siku za kutosha niushike usingizi wa kule na ile hewa. Baiskeli inaenda kwenye boksi la katoni, pedali zimetolewa, tairi zimepunguzwa upepo.

Siku yenyewe mpango wangu wa mbio nimeshauandika kwenye karatasi ya ukubwa wa kadi, nitaubandika kwenye hendeli. Nikishuka kwenye baiskeli itakuwa mchana au alasiri, saa mbaya kuliko zote. Kilomita 10 za kwanza siangalii mwendo, naangalia mapigo tu. Kila kituo cha maji natembea, kila kimoja, hata nikijisikia vizuri: kikombe kimoja cha kunywa, kimoja cha kichwani, barafu ndani ya kofia na nyingine shingoni chini ya tisheti, kipande kimoja mkononi nakishika mpaka kiyeyuke kwa sababu viganja vinapoza damu vizuri. Mapigo yakivuka namba yangu natembea mpaka yashuke, ndo niendelee. Jua likizama, ambapo kule ni karibu saa moja jioni, fukuto linabaki lakini lile jua la kichwani linaondoka, na kama nitakuwa nimeutunza mwili mpaka hapo, ndo nitaanza kukimbia.